Biva waliojifunga mazulia: je, Narnia ya BBC ilikuwa mbaya tangu mwanzo?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nilipokuwa mdogo tulikuwa na kanda za video za The Lion, the Witch and the Wardrobe, hadithi ya ndugu wanne wanaopita ndani ya kabati la nguo na kutokea Narnia, nchi ya uchawi. Nasema ile tamthilia ya BBC, si filamu ya 2005. Niliitazama mpaka kanda zikaanza kukwaruza. Juzi nimepata diski zake, nikamwita binti yangu wa miaka minane tukae tutazame pamoja. Walipotokea wale biva wawili, wanyama wa mtoni wenye mikia bapa, akaangua kicheko: "Mama, mbona hao ni watu wamejifunga mazulia?" Nami nilipotazama vizuri nikaona kweli ni watu wamejifunga mazulia. Simba anatembea kwa shida, mchawi anapiga kelele, mazimwi yanayoruka ni katuni tupu. Sikutegemea kuumia, lakini niliumia. Je, ilikuwa mbaya tangu mwanzo na mimi sikujua, au macho yangu ndiyo yameharibika? Niendelee naye au nimwekee ile ya 2005? Halafu, vitabu vya Narnia ni saba. Mbona diski ni za hadithi nne tu?

JIBU: Marahaba, mama. Mpe binti yako pole na hongera kwa pamoja. Alichokisema kwa sekunde mbili, mwandishi wa kitabu chenyewe alikiandika kwenye barua mwaka 1959, miaka 29 kabla tamthilia yako haijaonyeshwa.

C. S. Lewis alimwandikia Lance Sieveking, mtayarishaji wa BBC aliyegeuza hadithi ya Narnia kuwa mchezo wa redio. Redio haikumsumbua. Televisheni ndiyo aliyoikataa, na aliikataa kabisa. Hoja yake ilikuwa kwamba wanyama wenye tabia za kibinadamu, ukiwatoa kwenye masimulizi na kuwasimamisha mbele ya macho, hugeuka kuwa kichekesho au jinamizi. Simba wa kuigizwa na mtu aliyevaa ngozi, kwake, ingekuwa kufuru. Katuni pengine angeivumilia. Lewis alifariki mwaka 1963, kwa hiyo hakuwaona biva wako, lakini nadhani angecheka na binti yako kwanza, kisha akatoka chumbani.

Nakuanzia hapo kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya barua ile. Tamthilia haikuharibika. Biva walikuwa mazulia mwaka 1988 na ni mazulia leo. Ila tatizo lao si uvivu wa mafundi wala uchache wa fedha peke yake, ingawa fedha hazikuwa nyingi. Tatizo limo kwenye hadithi yenyewe pale inapohamishwa kutoka sikioni kwenda jichoni. Fikiria ngano zetu. Sungura anamkopa fisi, fisi anamfuata shambani, wanashikana mashati. Hakuna msikilizaji aliyewahi kuuliza shati la sungura lilishonwa kwa kitambaa mita ngapi. Sungura ni mdogo inapofaa awe mdogo, na ni mkubwa wa kutosha kushika jembe inapofaa alime. Lewis naye amefanya vivyo hivyo. Bi Biva anashona kwa cherehani, mumewe anavuta kiko, watoto wanne wa binadamu wanaketi nao mezani wanakula samaki, na msomaji hashtuki hata kidogo. Urefu wao unavutika kama mpira.

Kamera haina ruhusa hiyo. Biva lazima awe na kimo. Akiwa na kimo cha biva wa kweli, mwaka 1988 hakuna namna ya kumfanya azungumze na kumimina chai. Akiwa na kimo cha kumfanya azungumze, ndani yake lazima awepo mtu mzima. BBC wakamweka Kerry Shale ndani ya mume na Lesley Nicol ndani ya mke. (Huyo Lesley Nicol ndiye yule mpishi mwenye hasira, Bi Patmore, wa tamthilia ya Downton Abbey. Ukimwambia binti yako hilo haitasaidia chochote, lakini mimi hunifurahisha.) Kwa hiyo mlichokiona mnapocheka ni uamuzi ambao mtu yeyote aliyekaa kwenye kiti kile angelazimika kuufanya, akachagua kati ya biva mkubwa mno na kutokuwa na biva kabisa.

Sasa kwa nini wewe hukucheka ukiwa na miaka minane? Hapa watu husema "watoto wa zamani walikuwa na ubunifu," na mimi nakataa. Watoto wa zamani walikuwa watoto tu. Sababu nzito zaidi zilikuwa ndani ya picha yenyewe na ndani ya kile kiboksi mlichoitazamia.

Tamthilia ile ilirekodiwa kwa kamera za video, si kwa filamu. Tofauti si jina tu. Filamu huchukua picha 24 kwa sekunde, au 25 ikiwa ni ya televisheni ya Ulaya, na kati ya picha na picha mwendo huwa na mkatiko mdogo ambao ubongo umeuzoea kama ishara ya hadithi. Video ya Uingereza ya wakati ule ilichukua nusu-picha 50 kwa sekunde. Mwendo unatoka laini kabisa, kama unavyomwona mtu akipita mlangoni kwako. Leo tumeuzoea mwendo huo kwenye taarifa ya habari, mpira wa moja kwa moja na video za arusi, yaani vitu vinavyotokea kweli. Biva wa zulia akipita mbele ya macho kwa mwendo wa taarifa ya habari, picha inakuambia "hili linatokea sasa hivi," na vazi linakuambia "huu ni mchezo." Kauli mbili zinagombana, na kicheko hutoka kwenye ugomvi huo. Mtoto wa 1988 hakuwa na ugomvi huo, kwa sababu karibu kila tamthilia ya ndani aliyoiona kwenye televisheni, kuanzia za kuchekesha hadi za mapenzi, zilikuwa na mwendo huo huo. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa sura ya hadithi.

Halafu kuna kanda zako. Kanda ya VHS huhifadhi takribani mistari 240 ya undani kwa upana, pungufu sana ya kile kilichorushwa hewani. Na kama kanda ilikuwa nakala ya nakala, ondoa nyingine. Ukaiweka kwenye deki, deki ikaipeleka kwenye televisheni ya kichogo ya inchi 14, kioo kimepinda, rangi zinatoka kidogo nje ya mipaka yake. Yote hayo yalikuwa pazia. Mshono wa shingoni ulimezwa, ukingo wa buluu kuzunguka mtu aliyebandikwa juu ya mandhari nyingine ulimezwa, na manyoya ya simba Aslan yakaonekana manyoya. Macho yako hayajaharibika, mama. Ulichopoteza ni ukungu, na ukungu ule ulikuwa mshirika wa mafundi wa BBC bila wao kuulipa mshahara.

Kwa hiyo kabla ya kuamua lolote, rudi kwenye televisheni yako na ufanye mambo machache. Kwanza picha yenyewe. Ilitengenezwa kwa umbo la 4:3, karibu mraba. Kama watu wote wanaonekana wanene na magurudumu ni mayai, runinga yako inaivuta, na biva aliyevutwa ni zulia pana zaidi. Irudishe kwenye umbo lake na ukubali mabano meusi pembeni. Kisha punguza ule mpangilio wa ukali wa picha hadi karibu sifuri, maana unachora mistari meupe kuzunguka kila kitu, ikiwemo mishono. Zima pia kile kinachojidai kulainisha mwendo. Na kama una skrini ndogo, tumia ndogo. Nimefanya kazi ya kuhariri picha kwa miaka mingi na bado hujisahau, nikaitazama kazi ya 1988 kwenye ukuta mzima kisha nikalalamika inaonekana vibaya. Ni kama kusoma barua kwa darubini.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana sitaki uondoke ukidhani naitetea yote.

Ilitengenezwa na idara ya watoto ya BBC. Mtayarishaji alikuwa Paul Stone na mwandishi wa mswada Alan Seymour, mtunzi wa tamthilia kutoka Australia. Wawili hao walikuwa wameshafanya The Box of Delights mwaka 1984, nayo ya sehemu sita, nayo ya theluji na uchawi. Mwongozaji alikuwa Marilyn Fox. Sehemu zilirushwa Jumapili sita mfululizo, kuanzia tarehe 13 Novemba hadi 18 Desemba 1988, kila moja kama nusu saa. Mwaka uliofuata zikaja Prince Caspian na The Voyage of the Dawn Treader, na mwaka 1990 The Silver Chair, zote tatu zikiongozwa na Alex Kirby.

Ubaya wake upo na nitausema. Vita vya mwisho ni kundi la watu uwanjani wakikimbizana, huku juu yao yakiruka mazimwi yaliyochorwa kwa mkono na kubandikwa, na macho hayakubali kabisa kwamba vitu hivyo viwili viko chini ya jua moja. Farasi mwenye mabawa ni hivyo hivyo. Kati ya watoto wanne, wakubwa wawili mara nyingi wanasema maneno yao kama waliotumwa kuyasema. Na Barbara Kellerman kama Mchawi Mweupe, nakubaliana nawe, anapaza sauti kana kwamba anaigiza kwenye ukumbi wa watu elfu na mtu wa safu ya mwisho ni kiziwi. Ukiwa karibu naye, kama kamera ilivyo karibu, inachosha.

Lakini mtazame tena kwenye kile kigari cha theluji, mara ya kwanza anapokutana na Edmund, mmoja wa wale ndugu wanne. Pale anashusha sauti. Anamfunika kwa joho lake, anampa kinywaji cha moto, anamuuliza angependa kula nini. Edmund anataja vile vitamutamu laini vya Kituruki, na kuanzia hapo mtoto ameuzwa. Wengi wanaoitazama leo hudharau jambo hili: nani atawauza ndugu zake kwa sanduku la peremende? Kitabu kilitoka mwaka 1950. Uingereza ilikuwa imeanza kugawa peremende kwa mgao mwaka 1942, na mgao huo haukuisha moja kwa moja hadi Februari 1953. Watoto waliokisoma kitabu hiki kwa mara ya kwanza walikuwa hawajui maana ya kula peremende mpaka ushibe. Sanduku zima, la mtu mmoja, bila kadi ya mgao! Mwigizaji wa Edmund, Jonathan R. Scott, hajawahi kusifiwa inavyostahili. Ana uso wa mtoto anayejua kwamba anakosea na ambaye hasira yake imemzidi nguvu, na tamthilia inampa muda. Hakuna muziki wa kumsukuma, hakuna mkato wa haraka. Anakula, anajifuta, anaomba tena. Jaribu kumwambia binti yako habari ya mgao kabla ya tukio hilo, kisha uone kama atacheka.

Muda ndio utajiri wa kazi hii, na ni utajiri ambao filamu ya 2005 haina hata kama ilitengenezwa kwa mamilioni mengi ya dola. Kitabu cha kwanza kina sura 17. BBC iliziweka kwenye karibu saa tatu. Maneno mengi ya Lewis yamebaki kama yalivyo, mpaka pengine yamebaki kupita kiasi, kwa sababu Seymour alikuwa mwaminifu kwa kitabu kuliko mwaminifu kwa kamera. Lakini ona linavyofanya kazi kabati la nguo. Lucy anaingia, makoti yanamgusa, anaendelea, miguu inakanyaga kitu kinacholia kama sukari, tawi linamchoma. Tamthilia haina haraka ya kufika Narnia. Nguzo ya taa inapotokea, sisi tumeshasahau kwamba ni studio.

Na ya 2005? Andrew Adamson aliifanya vizuri, sina ugomvi nayo. Mandhari ya New Zealand ni ya kukata pumzi na Tilda Swinton ni mchawi bora mara kumi, kwa sababu alielewa kuwa baridi haina haja ya kupiga kelele. Lakini ni hadithi nyingine kidogo. Inaanza kwa mabomu yakidondoka London na inaishia kwa vita vikubwa, kana kwamba kitabu ni habari ya vita. Kwenye kitabu, mabomu ni sehemu ya sentensi moja ya mwanzo, na vita vya mwisho vinashika kurasa chache tu. Lewis anatupeleka kwanza kwenye ngome ya mchawi kuona viumbe waliogeuzwa mawe wakiamka, tunafika uwanjani vita vikiwa karibu kwisha. Kwake, lililo kubwa lilikuwa limeshatokea usiku uliotangulia, kwenye Meza ya Jiwe, pale Aslan anapojitoa auawe na mchawi.

Na kwenye Meza ya Jiwe ndipo ninapotaka umtazame Aslan upya.

Yule simba ni kikaragosi cha ukubwa kamili. Ndani yake walikuwa watu wawili, Ailsa Berk mbele na William Todd-Jones nyuma. Macho na mdomo viliendeshwa kwa mitambo kutoka nje, na sauti ni ya Ronald Pickup. Wewe umeona kwamba anatembea kwa shida. Ni kweli, mngekuwa wawili ndani ya simba nanyi mngetembea kwa shida. Lakini kwa kuwa hakuweza kukimbia, mwongozaji alimsimamisha. Kwa kuwa hakuweza kurukaruka, kamera ilimfuata usoni ikakaa hapo. Matokeo yake ni simba ambaye hana haraka, asiyepoteza mwendo, ambaye kila anachokifanya kinaonekana amekiamua. Kwa mnyama ambaye hadithi nzima inamtaka awe mfalme, huo si udhaifu mkubwa kama unavyodhani. Wanapomfunga na kumnyoa, ule ugumu wa kikaragosi unageuka kuwa uvumilivu. Simba wa kompyuta angetetemeka kila msuli. Huyu anakaa kimya, na ukimya wake unauma.

Halafu mikono. Lucy na Susan wanapotembea naye usiku ule, wanaingiza vidole kwenye manyoya yake. Vidole vinazama kwenye kitu kilichopo mbele yao, chenye uzito na joto la taa za studio. Waigizaji watoto si wajuzi wa kujifanya wanagusa hewa. Sophie Wilcox, aliyekuwa Lucy, ana nyakati dhaifu kwingineko, lakini kila anapokuwa na mkono ndani ya manyoya yale, yeye ndiye mwigizaji bora wa kazi nzima. Ndiyo, ni zulia. Lakini ni zulia unaloweza kulilia ukiwa umelikumbatia.

Sasa unaona ninakoelekea. Tamthilia hii huanguka kila inapojaribu kuwa sinema, na husimama kila inapokubali kuwa jukwaa: watu wachache, chumba kimoja, maneno mazito. Vita, kuruka, majeshi: anguko. Mtoto na mchawi kwenye kigari, Tumnus, yule fauni wa nusu mtu nusu mbuzi, akilia kwa aibu mbele ya mgeni ambaye yeye mwenyewe alipanga kumsaliti, simba na wasichana wawili gizani: hapo haishindwi na yeyote. Studio ya BBC ya miaka ile ilikuwa mtoto wa ukumbi wa michezo. Kamera kadhaa ziliwazunguka waigizaji waliokuwa wamefanya mazoezi ya tukio zima, si vipande vya sekunde tatu tatu. Ukimfundisha binti yako kuitazama kama mchezo wa jukwaani uliorekodiwa, mazulia hayatamzuia. Hakuna anayetoka kwenye ukumbi wa michezo akilalamika kwamba mti ulikuwa wa mbao.

Na usimfundishe kwa hotuba. Chukua kitabu, msomee kwa sauti sura ya saba, ile ya siku waliyoshinda kwa biva. Ukimaliza mwulize: hao biva wana urefu gani? Ataanza kujibu kisha atasita. Mwache asite. Mpe karatasi achore meza, biva na watoto wanne. Baada ya hapo muwashe televisheni, na nakuhakikishia atatazama kwa jicho la fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Bado atacheka, ndiyo. Atacheka akiwa upande wao.

Kuhusu namna ya kuendelea: msifuate diski kama zilivyopangwa, na msitazame kwa mkupuo. Kuna matoleo ambayo sehemu zimeunganishwa zikawa kama filamu ndefu, na nahisi ndilo ulilopata. Muunganiko ule uliiumiza kazi. Iliandikwa ivunjwe kila nusu saa, mtazamaji alale nayo wiki nzima. Ikiunganishwa, kila baada ya nusu saa hadithi inapanda kileleni bila sababu kisha inaporomoka, na mtoto anachoka bila kujua kwa nini. Tazama saa yako, ikifika nusu saa na mambo yamekuwa magumu, zima. Atakuchukia mpaka kesho, na hivyo ndivyo Jumapili zile sita zilivyofanya kazi.

Mkimaliza ya kwanza, ruka Prince Caspian. Nasema hivi bila huruma. Kitabu kile kina sura 15 na kilipewa sehemu mbili tu, wakati The Voyage of the Dawn Treader, yenye sura 16, ilipewa nne. Hesabu peke yake inakuambia kilichotokea: watu wanafika, wanaeleza walikotoka, wanapigana, wanaondoka. Safari ya meli ina mambo yake, hasa Eustace, yule binamu msumbufu, na panya shujaa Reepicheep aliyechezwa na Warwick Davis. Itazameni mkiwa na muda.

Lakini The Silver Chair msiikose, hata kama mtaacha nyingine zote. Sura 16, sehemu sita, kwa hiyo hadithi inapumua. Ndani yake yumo Puddleglum, kiumbe wa kinamasi mwenye miguu mirefu ambaye kila asubuhi anatarajia mvua, njaa na msiba. Amechezwa na Tom Baker, aliyekuwa Daktari kwenye tamthilia ya Doctor Who tangu 1974 hadi 1981. Baker ni mwigizaji ambaye kwa kawaida hujaza chumba chote. Hapa amejikunja, amejikausha, na chini ya ukame ule kuna ucheshi na ushujaa ambao binti yako atauona kabla yako. Barbara Kellerman anarudi kama malkia wa vazi la kijani, na safari hii amejifunza kunong'ona.

Ngojeni lile tukio la chini ya ardhi. Malkia ametupa unga kwenye moto, harufu tamu imejaa, anapiga ala yake taratibu na kuwaambia watoto, kwa upole kabisa, kwamba hakuna jua, hakuna Narnia, hakuna Aslan; jua mliliwaza baada ya kuona taa, na simba mlimuwaza baada ya kuona paka. Wanaanza kukubali, mmoja baada ya mwingine. Puddleglum anautembelea moto, anaukanyaga kwa mguu wake mtupu, na kwa maumivu yale akili zinamrudia. Kisha anamwambia malkia kwamba hata kama yote hayo ni ya kubuni, walivyovibuni wao vinaishinda kwa mbali dunia yake anayoiita ya kweli, na kwamba yeye ataishi kama Mnarnia hata kama Narnia haipo. Hakuna simba kwenye tukio hilo, hakuna kuruka, hakuna katuni. Ni watu wachache ndani ya chumba chenye moto wakibishana kuhusu kilichopo na kisichopo, na kanda ya video ya mwaka 1990 inaubeba ubishi huo bila kuyumba. Kama ningeruhusiwa kuokoa dakika kumi tu za mfululizo wote, ningeokoa hizo na nisingewaza mara mbili.

Ile ya 2005 mwekee baadaye, si badala yake. Akishaona zote mbili atakuwa na la kusema kuhusu kila moja, na huenda akakupinga.

Swali lako la mwisho ni jepesi. Diski zako hazijapungua. BBC iliishia The Silver Chair mwaka 1990, na The Horse and His Boy, The Magician's Nephew na The Last Battle hawakuzigusa. Na yako haikuwa hata ya kwanza. Mwaka 1967 televisheni ya ITV ilirusha kitabu cha kwanza kwa sehemu kumi, nyeusi na nyeupe, na sehemu nyingi zimepotea. Mwaka 1979 ikaja katuni ya Bill Melendez, mtu wa zile katuni za Charlie Brown. Hiyo ya katuni itafute, si kwa ubora wake, ila kwa sababu Lewis alisema pengine katuni ingewezekana, na binti yako anastahili kuamua kama mzee alikuwa sahihi. Biva wa humo wana kimo chao wenyewe.